Je, Wajua? Kilima cha Mam Tor na Barabara Iliyoshindwa

Je, wajua kwamba nchini Uingereza kuna barabara kuu iliyoachwa tangu 1979 kwa sababu kilima kilichoibeba kilikataa kutulia? Iko Derbyshire, kwenye ubavu wa kilima kiitwacho Mam Tor, juu ya kijiji cha Castleton. Kilele chake kina mita 517 tu kutoka usawa wa bahari, na mtoto mwenye viatu vizuri hukifikia bila taabu kubwa. Lakini kwa wingi wa mambo yaliyorundikana pale, chini ya udongo na juu yake, ni vilima vichache vya nchi ile vinavyostahili kupandwa polepole kama hiki.

Wageni wengi huanzia kwenye ile barabara, na wanafanya vyema. Ilijengwa mwanzoni mwa karne ya 19 na kampuni ya barabara za kulipia, ili magari ya farasi yaliyosafiri kati ya Sheffield na Chapel-en-le-Frith yasihangaike na mpando mkali wa Winnats Pass, korongo lililo jirani. Wahandisi waliipitisha mahali ambapo ardhi ilionekana kushuka taratibu, wakitumia kifusi cha mgodi wa risasi wa Odin uliokuwa hapo hapo. Kumbe ardhi ile ya taratibu ilikuwa ni ulimi wa maporomoko ambayo yalikuwa yakisogea kwa takriban miaka 4,000. Kila baada ya majira ya mvua nyingi barabara ilipasuka. Mafundi walikuja, wakaziba, wakamwaga lami juu ya lami. Mwaka 1977 ikabaki njia moja tu ya magari, na miaka miwili baadaye wenye mamlaka wakaifunga moja kwa moja.

Leo anayepita kwa miguu anaikuta imekatika vipande. Bamba moja la lami limelala upande, jingine limeinamia bondeni, na mstari mweupe wa katikati unafika ukingoni, unakatika, kisha unaendelea kwenye kipande kilichozama chini. Sogea karibu na mpasuko uangalie ubavu wake: lami, kokoto, lami tena, kokoto tena. Kuna mahali ambapo matabaka hayo yanafikia unene wa mita mbili, na kila tabaka ni mara moja ambapo watu walijaribu kuiokoa. Nyasi zimeota kwenye nyufa, na kondoo wanakatiza bila kuangalia kushoto wala kulia.

Magari nayo yamerudi kule kule yalikokimbia. Leo yanapanda Winnats Pass, ambako mwinuko unazidi asilimia 20, huku kuta za mawe ya chokaa zikiwa zimesimama pande zote mbili. Malori makubwa hayaruhusiwi kabisa.

Kwa nini kilima kiteleze? Siri iko kwenye uso wake wa mashariki, ambao umebaki wazi, mweusi na wenye mistari, kiasi cha kuonekana toka mbali. Mistari ile ni tabaka za jiwe gumu la mchanga zilizopishana na tabaka za matope yaliyogandamana. Jiwe la mchanga linapitisha maji. Matope yale yanalainika yakilowa. Mvua ikishazama ndani, uzito wote wa juu unakaa kwenye kitu kinachoteleza. Sehemu za maporomoko husogea hadi sentimita 25 kwa mwaka, na zaidi ya hapo baada ya majira ya baridi yenye mvua nyingi. Vipande vya mawe huanguka usoni mara kwa mara, ndiyo sababu wenyeji hukiita pia Mlima Unaotetemeka. Usipande uso huo hata ukiona njia ya kondoo. Njia halali ziko kwingine, na ni nzuri zaidi.

Je, wajua kwamba mahali hapa pamewahi kuwa chini ya bahari ya joto, karibu na ikweta? Hilo si fumbo. Zaidi ya miaka milioni 330 iliyopita, bara ambalo leo limebeba Uingereza lilikuwa karibu na mstari wa ikweta. Mawe ya chokaa ya Winnats Pass yalijengeka kwenye kina kifupi cha bahari ile, na ukiyatazama kwa makini utakuta ndani yake makombe na vipande vya viumbe wa baharini vilivyogeuka jiwe. Baadaye mito mikubwa ilileta mchanga na matope, ikafunika chokaa, na mzigo huo wa mito ndio uliokuja kuwa Mam Tor. Basi anayetoka kijijini hadi kileleni anaanzia kwenye sakafu ya bahari na kumalizia kwenye mdomo wa mto, yote ndani ya saa moja na ushei.

Ndani ya chokaa hiyo maji yamechonga mapango. Katika pango la Speedwell wageni huingia kwa mashua, wakipita kwenye mfereji wa chini ya ardhi uliochimbwa na wachimba risasi wa karne ya 18. Shimo la wima liitwalo Titan, lililogunduliwa 1999, lina kina cha mita 141 na zaidi. Na humo humo kwenye miamba ya Castleton hupatikana Blue John, jiwe lenye mistari ya zambarau na manjano, ambalo mpaka leo huchimbwa kidogo kidogo na kufanywa pete na vito vingine.

Tupande sasa. Kutoka barabara ya upande wa magharibi kuna ngazi za mawe hadi juu, na kabla ya kufika kileleni mtu huvuka tuta la udongo na handaki lililojaa nyasi. Wengi hupita bila kujua kwamba wamevuka ngome. Zaidi ya miaka 3,000 iliyopita watu waliishi huku juu, na alama za zaidi ya nyumba mia moja bado zinaonekana kama vibaraza vidogo vilivyochongwa kwenye mteremko. Wachimbuaji wa Chuo Kikuu cha Manchester walifanya kazi hapa katika miaka ya 1960, wakakuta vigae vya vyungu na mabaki ya maisha ya kila siku. Upepo wa pale hauna adabu hata mwezi wa saba. Kuishi huko majira ya baridi, na maji kuyabeba, lazima kulihitaji sababu nzito.

Kutoka kileleni ukingo wa kilima unaendelea kaskazini-mashariki hadi Lose Hill, na njia imesakafiwa kwa mawe ili mamia ya viatu yasiumalize udongo. Mahali ukingo unaposhuka chini kabisa panaitwa Hollins Cross. Kabla bonde la Edale halijapata kanisa lake katika karne ya 17, wafu walibebwa majenezani kupitia hapa ili wakazikwe kijiji cha Hope, upande wa pili. Karne ya 18 ilipokaribia kwisha, kiwanda cha pamba kilifunguliwa Edale, na wafanyakazi kutoka Castleton wakawa wanavuka hapa hapa kwenda kazini na kurudi. Kwao kilima hiki hakikuwa mandhari, kilikuwa njia ya kazini.

Sasa ukiwa juu, geuka utazame kaskazini. Ule uwanda mpana ng'ambo ya Edale ni Kinder Scout, na hapo ndipo penye jambo ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote.

Je, wajua kwamba kuna watu waliofungwa jela baada ya kwenda kutembea mlimani? Wafanyakazi wa viwanda vya Manchester na Sheffield walikuwa na siku moja ya kupumua hewa safi, Jumapili, na tangu 1894 reli iliwafikisha Edale kwa nauli ndogo. Lakini nyanda za juu zilikuwa mali ya watu wachache, zikilindwa kwa ajili ya kuwinda ndege wa jamii ya kwale. Tarehe 24 Aprili 1932 vijana wapatao 400, wakiongozwa na Benny Rothman aliyekuwa na umri wa miaka 20, walipanda Kinder Scout kwa makusudi bila ruhusa. Walinzi wa mawindo waliwazuia, purukushani ikatokea. Vijana sita walikamatwa na watano wakapewa vifungo vya miezi miwili hadi sita. Ajabu ni kwamba kuingia ardhi ya mtu kwa miguu hakukuwa kosa la jinai. Ilibidi washtakiwe kwa fujo.

Hukumu ile iliwakasirisha hata watembeaji ambao hawakuunga mkono mbinu yao. Mwaka huo huo maelfu walikusanyika Winnats Pass, chini kabisa ya Mam Tor, kudai haki ya kutembea. Mwaka 1949 ikaja sheria ya hifadhi za taifa, na mwaka 1951 eneo hili la Peak District likawa hifadhi ya taifa ya kwanza nchini humo. Tarehe 24 Aprili 1965, miaka 33 kamili tangu siku ya Kinder, ilizinduliwa Pennine Way, njia ya miguu ya kilomita 430 hivi kutoka Edale hadi mpakani mwa Uskoti. Sheria ya mwaka 2000 ikafungua milima na nyika, takriban asilimia 8 ya ardhi ya Uingereza, kwa yeyote anayetembea kwa miguu. Na mwaka 2002 Duke wa Devonshire, kabaila ambaye babu yake ndiye aliyekuwa na ardhi ile, alisimama mbele ya watu akaomba radhi. Nasema kwa moyo wangu wote: vijana wale walifanya haki.

Kando ya nyanda hizo zilizofunguliwa kuna njia za kale za umma zinazopita katikati ya mashamba ya watu, na mwenye shamba hana ruhusa ya kuziziba. Umma ukiitumia njia kwa miaka 20 mfululizo, waziwazi na bila kuzuiwa, sheria huichukulia kuwa imetolewa kwa umma. Mshale wa manjano kwenye nguzo ya mbao ni ruhusa ya kupita kwa miguu. Wa buluu unaruhusu pia farasi na baiskeli. Geti ulilolikuta limefungwa, lifunge.

Kileleni kuna nguzo ya saruji inayofika kifuani, na karibu kila mgeni hupiga picha ameiegemea. Tazama juu yake: kuna kifaa cha shaba chenye mifereji mitatu inayokutana katikati. Hapo ndipo miguu ya thiodolaiti, chombo cha kupimia pembe, ilipokaa. Nguzo zaidi ya 6,500 za namna hii zilijengwa Uingereza nzima kuanzia 1936, ili kutoka kila moja zionekane nyingine na nchi yote ipimwe kwa pembetatu. Aliyezibuni ni mwanajeshi mpimaji, Martin Hotine, na mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1930 alikuwa Tanganyika akipima mstari mrefu wa kaskazini hadi kusini unaofuata meridiani ya 30. Mwaka 1946 akawa mkuu wa kwanza wa idara iliyochora ramani za Tanganyika, Kenya na Uganda kwa kutumia picha za angani. Kwa hiyo mtu aliyeshika ramani ya zamani ya wilaya yake Tanzania, na mwingine aliyeegemea nguzo ya Mam Tor, wote wameshika kazi ya mtu mmoja.

Ukitaka kujua utatumia muda gani, iko kanuni ya William Naismith, Mskoti, ya mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, uongeze saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kutoka Castleton ni kama kilomita 4 na mita 330 za kupanda, yaani saa moja na dakika 20 hivi bila kusimama. Beba koti la mvua hata jua likiwaka, kwa maana juu kuna baridi kuliko kijijini. Isipokuwa asubuhi zile tulivu za majira ya baridi ambapo hewa baridi hutuama bondeni na ukungu kulijaza lote, huku ukingo ukiwa juani. Waingereza wasiosalimiana mjini watakusalimu huku juu, kila mmoja. Itikia. Treni ya kwenda Sheffield inapatikana Edale, upande wa pili, na ukishuka kupitia Hollins Cross utaifikia stesheni bila kupita barabara yoyote kubwa.