Kromu isiyo na kromu: stika za kung'aa kwenye magari ya Bugarama

Kaa nusu saa tu Bugarama, kwenye njia ya magari yanayotoka Kahama kwenda Kakola na Geita, uangalie maandishi yanayopita. Noah, Probox, Canter za mizigo, bajaji, hadi tangi la bodaboda: jina la mtoto, jina la timu, shukrani kwa Mungu, namba ya simu, vyote kwa herufi zinazometa kama kioo. Mafundi wanaziita stika za kromu. Bei yake iko juu kuliko stika za rangi za kawaida, na lalamiko la wenye magari ni lile lile: "Fundi kanipiga, hata mwaka haujaisha zimebabuka." Mara nyingi fundi hajampiga mtu. Tatizo liko kwenye kitu chenyewe kilivyotengenezwa.

Kwanza, ndani ya stika hizi kwa kawaida hakuna kromu. Kromu halisi ni ile ya bampa za malori ya zamani, chuma kilichopakwa madini ya kromiamu kwa umeme. Stika ni plastiki nyembamba iliyopakwa aluminiamu. Kiwandani, ndani ya chemba iliyonyonywa hewa yote, aluminiamu hupashwa moto hadi ikawa mvuke, na ule mvuke unaganda juu ya plastiki inayopita. Ni teknolojia ile ile ya sehemu ya ndani ya pakiti za krispi.

Utando huo ni mwembamba ajabu, tuseme nanomita 50. Unywele wako una unene wa nanomita kama 70,000. Tupige hesabu ambayo Bugarama wataipenda: mita moja ya mraba ya utando wa nanomita 50 inahitaji gramu 0.135 tu za aluminiamu. Ukitaka iwe dhahabu kweli, kwa unene ule ule, utahitaji karibu gramu moja. Gramu moja ya dhahabu kila mtu hapa anaijua bei yake. Kwa hiyo zile herufi za "gold" kwenye Noah ni aluminiamu ile ile iliyofunikwa tabaka la rangi ya njano. Na rangi hiyo hupauka kwa mionzi ya jua, ambayo hapa, nyuzi 3 hivi kusini mwa Ikweta, haina huruma. Dhahabu yenyewe isingepauka. Magari ya zimamoto ya Marekani yaliwahi kuandikwa kwa karatasi za dhahabu halisi kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa tuje kwenye kubabuka. Aluminiamu ikiwa sufuria ina nyama ya kutosha. Ikiliwa kidogo huoni. Ikiwa nanomita 50, ikiliwa kidogo imekwisha. Kinachoila ni nini? Kama unakumbuka kemia ya kidato, aluminiamu hushambuliwa na asidi na pia na besi. Sabuni nyingi za unga ni besi. Magadi ni besi. Chokaa ni besi kali zaidi, na hapo ndipo mambo ya ukanda wa dhahabu yanapoingia. Kwenye mitambo ya kuchenjua marudio kwa sayanaidi, chokaa huwekwa ili maji yabaki na hali ya besi, maana yakielekea kwenye asidi sayanaidi hugeuka gesi ya sumu. Chokaa hiyo inasafirishwa kwa magari. Vumbi lake likitua kwenye mlango wenye stika ya kromu, likapata umande wa asubuhi, shughuli imeanza.

Juu ya utando kuna plastiki ya kuukinga, kwa hiyo besi haiingilii usoni. Inaingilia pembeni, pale kisu cha plota kilipokata, au penye mkwaruzo. Ndiyo maana herufi nyembamba hufa mapema. Chukua herufi yenye mstari wa milimita 5: kutu ikitambaa milimita 1 kutoka kila upande, asilimia 40 ya mstari imekwenda. Kwenye herufi nene ya milimita 40, uharibifu huo huo ni asilimia 5 tu. Anayeng'ang'ania mwandiko wa kuremba wenye mikia membamba kwenye kromu ananunua ugomvi na fundi wake.

Plastiki nayo si moja. Kromu nyingi za bei nafuu hukaa juu ya polyesta, ambayo haivutiki. Kwenye mlango bapa au kioo cha nyuma haina shida. Kwenye kona ya bampa au tangi la pikipiki itafanya mikunjo, au itakaa leo na kuinuka kesho. Kwa sehemu za mviringo inatakiwa vinaili ya PVC. Hata hiyo ina aina mbili. Moja husukumwa kati ya rola za moto, kama chapati chini ya mpini, na hubaki na hamu ya kurudi ilivyokuwa. Jua likiipata inasinyaa, pembeni unabaki mstari wa gundi unaokamata vumbi. Nyingine humiminwa ikiwa majimaji kisha ikakaushwa, haina mvutano ndani, inatulia kwenye mikunjo. Hii ya pili ndiyo ghali. Ukiwa dukani omba kipande cha mabaki uvute kwa vidole: kisipovutika kabisa, usikipeleke kwenye bampa, hata muuzaji aseme nini.

Lakini kwangu jambo zito zaidi ni usiku. Watu wengi wanaamini kromu ni sawa na reflekta kwa kuwa vyote vinang'aa. Sivyo. Kromu ni kioo: mwanga ukija kwa mshazari, unaondoka kwa mshazari upande wa pili. Taa za gari linalokuja nyuma ya Canter iliyoharibika barabarani zitapiga kwenye zile herufi na mwanga utaishia porini, huku dereva akiona weusi tu. Reflekta ina shanga ndogo sana za kioo, au vipembe vidogo, vinavyorudisha mwanga kule ulikotoka, yaani kwa dereva mwenyewe. Mita kumi za kromu haziwezi kufanya kazi ya kipande kimoja cha reflekta. Na kibaya zaidi ni kubandika kromu juu ya reflekta ili "ipendeze".

Mchana pia kioo kina vituko vyake. Herufi ya kromu haina rangi yake, inaazima ya kilicho mbele yake. Kwenye gari jeupe au la silva, chini ya mawingu, inapotea kabisa. Namba ya simu ya biashara iandikwe kwa stika ya kawaida isiyong'aa, nyeusi kwenye gari jeupe, njano au nyeupe kwenye gari jeusi. Kromu ibaki kwa jina la mtoto, herufi nene, kwenye gari la rangi nzito au ikiwa na mpaka mweusi kuizunguka.

Kuhusu kuosha: vumbi la moramu lina chembe za kwatzi, ngumu kuliko plastiki yoyote ya stika. Kulifuta kwa kitambaa kikavu ni kupiga msasa. Mwaga maji mengi kwanza, tumia sabuni ya maji isiyo kali, na waambie vijana wa kuosha magari wasielekeze bomba la presha kwenye kingo za herufi.