Kimondo, Taya na Asili ya Uhai

Kutoka Mlowo hadi Ndolezi, mkoani Songwe, si safari ndefu kwa bodaboda. Huko, kwenye mteremko wa mlima Marengi, limelala pande la chuma lenye urefu wa takriban mita 3. Kimondo cha Mbozi kinakadiriwa kuwa na uzito wa kati ya tani 12 na 16, na waliotaka kipande cha kukichunguza iliwabidi wakikate kwa msumeno. Wanyiha, wenyeji wa huko, walikijua tangu zamani, kabla mpimaji ardhi W. H. Nott hajakitangaza nje mwaka 1930. Lakini hakuna masimulizi ya siku kilipoanguka, wala shimo la kishindo chake halionekani, na hiyo ni dalili kwamba kilidondoka maelfu ya miaka iliyopita.

Takriban asilimia 90 ya kimondo ni chuma, na chuma hutengenezwa ndani ya nyota kubwa. Hicho hicho ndicho kinachobeba oksijeni kwenye damu. Mwili wa mtu mzima una gramu 4 hivi za chuma. Wakristo, walio wengi Mbozi, husoma katika Mwanzo kwamba mtu aliumbwa kwa mavumbi. Waislamu wana Sura ya Al-Hadid, inayotaja chuma kuwa kimeteremshwa. Maandiko hayo hayakuandikwa yawe kitabu cha kemia, na hayapungukiwi na lolote kwa sababu hiyo.

Dunia ina umri wa miaka bilioni 4.5 hivi. Dalili za viumbe vya mwanzo, vidogo visivyoonekana kwa macho, zina umri wa takriban bilioni 3.5. Wanyama wakubwa walikuja baadaye sana, na Songwe ina ushahidi wake.

Mwaka 2013 Nancy Stevens wa Chuo Kikuu cha Ohio na wenzake, wakiwemo Watanzania, walitangaza visukuku kutoka Bonde la Ufa la Rukwa, upande wa bonde la Songwe. Kimoja ni kipande cha taya chenye meno, cha mnyama wa jamii ya sokwe waliyemwita Rukwapithecus. Kingine, Nsungwepithecus, ni kipande cha taya chenye jino moja tu, cha jamii ya nyani na tumbili. Majivu ya volkano yaliyo kwenye miamba hiyo yaliwapa umri: miaka milioni 25.2.

Uzito wa habari uko hapa. Wataalamu wa vinasaba walikuwa wameshakadiria kwamba koo hizo mbili ziliachana miaka milioni 25 hadi 30 iliyopita, ila mifupa ya kuthibitisha ilikosekana. Songwe ikaitoa.

Wapo wanaosikia neno mageuko na kuelewa kwamba babu yao alikuwa nyani wa porini. Sayansi haisemi hivyo. Inasema binadamu, sokwe na nyani wana mhenga mmoja wa kale, kisha kila ukoo ukashika njia yake. Mwaka 1996 Papa Yohane Paulo II aliwaandikia wanasayansi wa Vatican kwamba nadharia hiyo ni zaidi ya dhana tu, huku akishikilia kwamba roho ya mtu huumbwa na Mungu moja kwa moja. Muumini anaweza kuipokea taya ya Songwe bila kuacha sala hata moja.

Olduvai ilipata umaarufu mkubwa Mary Leakey alipopata fuvu la Zinjanthropus mwaka 1959, fuvu la miaka milioni 1.75 hivi. Taya ya Rukwapithecus ina umri zaidi ya mara 14 ya huo. Wanaopeleka wanafunzi kutazama kimondo wawasimulie na habari za taya hiyo siku hiyo hiyo.