Gitaa linalia kama nyuki? Tafuta spika, si pedali

Umechomeka gitaa la umeme kwenye laptopu, ukafungua programu ya amplifaya, ukapiga nyuzi. Kinachotoka ni nyuki ndani ya mkebe. Usikimbilie kununua pedali. Kinachokosekana hapo ni spika.

Spika ya gitaa haitoi masafa yote. Ikipita takriban 5,000 Hz hufifia haraka, na hivyo kumeza ule ukali unaokukwaruza masikio. Sasa, kabati la spika nne za inchi 12 ndani ya keja? Landilodi angebisha kabla wimbo haujaisha.

Ndiyo maana kuna faili za impalsi risponsi, au IR tu. Studioni, maikrofoni (mara nyingi Shure SM57) huwekwa mbele ya kabati, hupitishwa mlio unaopanda kutoka chini hadi juu, kisha huhifadhiwa jinsi kabati lilivyoubadilisha. Faili hiyo ndogo ya WAV unaipakia kwenye programu kama NadIR, ambayo ni ya bure.

Ila cheki hili kwanza: programu nyingi za amplifaya huja na kabati lao. Lizime, la sivyo sauti itapitia spika mbili na kuwa nzito kama iliyofunikwa blanketi.

Maikrofoni iliyoelekezwa katikati ya spika hutoa sauti kali. Ikisogezwa pembeni hulainika. Jaribu faili tatu nne, si mia mbili, huku ngoma na besi zikicheza. Bado kuna ngurumo? Kata chini ya 80 Hz, hapo mwachie mpiga besi.