Mpangaji Aliyefungiwa Duka: Haki na Njia Zake Kisheria Nchini Kenya

Biashara nyingi ndogo na za kati nchini Kenya, kuanzia duka la jumla na saluni hadi mkahawa na duka la dawa, huendeshwa katika majengo ya kupanga, na kwa sababu hiyo uhai wake hutegemea uhusiano kati ya mfanyabiashara na mwenye jengo. Uhusiano huo unapoharibika, hasa kodi inapochelewa au mwenye jengo anapotaka kuipandisha, baadhi ya wenye majengo hujichukulia sheria mkononi: hutia kufuli lao juu ya lile la mpangaji, hukata umeme na maji, hung'oa mlango, au huagiza mali itolewe na kupelekwa kusikojulikana. Vitendo hivi vimezoeleka kiasi kwamba wapangaji wengi hudhani ni haki ya mwenye mali. Sheria ya Kenya haisemi hivyo. Mwenye jengo anayedai kodi ana njia ya kuipata, na anayetaka jengo lake ana njia ya kulirudisha mikononi mwake, lakini njia hizo zina masharti yake, na mpangaji aliyefungiwa nje bila masharti hayo kufuatwa bado ana haki ya kurudi ndani na ya kulipwa hasara yake.

Msingi wa ulinzi huo ni Sheria ya Wenye Majengo na Wapangaji wa Maduka, Hoteli na Mikahawa ya mwaka 1965, ambayo hujulikana zaidi kama Sura ya 301. Sheria hiyo ilianzisha upangaji unaodhibitiwa, yaani upangaji ambao masharti yake hayawezi kubadilishwa wala kusitishwa kwa utashi wa upande mmoja. Upangaji huingia katika kundi hili iwapo haukuandikwa, iwapo uliandikwa kwa muda usiozidi miaka 5, au iwapo mkataba una kifungu kinachoruhusu kuuvunja ndani ya miaka 5 kwa sababu isiyokuwa ukiukaji wa masharti. Duka, kwa mujibu wa Sheria hiyo, ni jengo linalotumiwa hasa kwa biashara ya rejareja au ya jumla, au kwa kutoa huduma za malipo, hivyo kinyozi, fundi cherehani na wakili aliyepanga ofisi wote wamo. Walioachwa nje ni wale ambao serikali au mamlaka ya mtaa ni mhusika katika upangaji wao. Ni muhimu kutambua kwamba mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, ambaye mara nyingi hujiona mnyonge kuliko wote, ndiye hasa aliyewekewa ngao hii. Katika kesi ya Pritam dhidi ya Ratilal, iliyoamuliwa mwaka 1972, mahakama ilieleza kuwa lengo la Sheria hiyo ni kumlinda mpangaji wa biashara dhidi ya kufukuzwa na dhidi ya kunyonywa.

Chini ya Sura ya 301, mwenye jengo anayetaka kusitisha upangaji hana budi kutoa notisi kwa fomu iliyowekwa na sheria, akitaja sababu zinazotambuliwa, kama vile kodi kutolipwa kwa miezi 2 baada ya siku yake, ukiukaji mkubwa wa masharti, nia ya kubomoa na kujenga upya, au nia ya kulitumia jengo mwenyewe kwa muda usiopungua mwaka mmoja. Notisi hiyo haiwezi kuanza kufanya kazi kabla ya miezi 2 kupita tangu mpangaji aipokee. Mpangaji asiyekubaliana nayo anaweza, kabla ya siku hiyo kufika, kulipeleka suala mbele ya Baraza la Kodi za Majengo ya Biashara, ambalo ni chombo cha kisheria cha kuamua migogoro ya aina hii, na akishafanya hivyo notisi husimama mpaka Baraza litoe uamuzi. Kwa hiyo kufuli linalotiwa bila notisi, au notisi ikiwa bado inabishaniwa, halisitishi upangaji hata kidogo. Mpangaji anabaki kuwa mpangaji halali, na aliyemfungia ndiye aliyevunja sheria.

Wenye majengo wengi hujitetea kwa kusema kuwa mpangaji anadaiwa. Utetezi huo huchanganya mambo mawili ambayo sheria imeyatenganisha. Deni la kodi ni dai, na dai hulipwa au huamuliwa. Halimpi mdai mamlaka ya kujifanya hakimu na mtekelezaji kwa wakati mmoja. Zaidi ya hayo, Sheria ya Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 90, inamhesabu kuwa mkosaji mtu anayeingia katika ardhi au jengo kwa nguvu ili kulimiliki, iwe kwa kuvunja nyumba, kwa vitisho au kwa kukusanya kundi la watu, na inasema waziwazi kuwa haijalishi kama mtu huyo alikuwa na haki ya kuingia au la.

Ukamataji wa mali nao una taratibu zake. Sheria ya Ukamataji wa Mali kwa Ajili ya Kodi, Sura ya 293, humruhusu mwenye jengo kukamata mali iliyomo ndani ili kufidia malimbikizo ya kodi, lakini ni kwa kodi tu, si kwa faini za mkataba wala gharama za ukarabati, na haifanyiki usiku. Kazi hiyo hufanywa na dalali mwenye leseni, si na walinzi wa jengo wala vijana wa kukodiwa. Dalali hutakiwa kuandika orodha ya mali pamoja na thamani ya kila kitu na kumpa mwenye mali notisi ya siku 7 ya kuikomboa kabla ya kuiondoa. Katika upangaji unaodhibitiwa, kutoa ruhusa ya kukamata mali ni miongoni mwa mamlaka ambayo Sura ya 301 imelikabidhi Baraza, hivyo jambo la kwanza la kumuuliza dalali ni kama anayo ruhusa hiyo. Na pale mali inapokamatwa na kuuzwa kwa kisingizio cha kodi ambayo kwa kweli haikuwa ikidaiwa, Sura ya 293 inampa mwenye mali haki ya kudai mahakamani mara mbili ya thamani yake pamoja na gharama za kesi.

Mpangaji anayekuta duka lake limefungwa anapaswa kujizuia kuvunja kufuli, kwa kuwa kitendo hicho kinaweza kumgeuza kutoka mlalamikaji kuwa mshtakiwa. Hatua yake ya kwanza ni kuhifadhi ushahidi: apige picha za kufuli na za matangazo yaliyobandikwa, aandike majina ya walioshuhudia, na atoe taarifa katika kituo cha polisi ili apate namba ya kumbukumbu. Kisha akusanye mkataba kama upo, risiti, kumbukumbu za malipo ya M-Pesa na za benki, na daftari la kodi, ambalo Sura ya 301 inamtaka mwenye jengo alitunze na kumpa mpangaji nakala. Barua fupi ya kumtaka mwenye jengo afungue ni ya manufaa, mradi isiwe sababu ya kuchelewa, kwa maana kila siku inayopita huongeza hasara na humfanya anayeomba msaada wa dharura aonekane hana dharura.

Hatua inayofuata ni kwenda mbele ya Baraza, ambalo kifungu cha 12 cha Sura ya 301 kinalipa uwezo wa kuchunguza lalamiko lolote la mwenye jengo au mpangaji na kutoa amri linayoona inafaa. Mpangaji huwasilisha lalamiko pamoja na ombi la dharura na hati ya kiapo, yaani maelezo ya ukweli anayoyaapia. Baraza likiridhika, linaweza kutoa amri ya muda ya kufungua duka, kurudisha mali na kumzuia mwenye jengo asiendelee na usumbufu, na kwa kawaida mkuu wa kituo cha polisi cha eneo huagizwa kusimamia utekelezaji na kulinda amani. Amri ya Baraza huweza kusajiliwa katika mahakama ya chini na kutekelezwa kama amri ya mahakama hiyo, na asiyeridhika ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mpangaji anayedaiwa kweli hujiimarisha sana anapofika na pendekezo la kulipa malimbikizo na kuendelea kulipa kodi ya kila mwezi, kwa sababu Baraza hulinda pia haki ya mwenye jengo ya kupata kodi yake.

Wapangaji wenye mikataba ya zaidi ya miaka 5 isiyo na kifungu cha kuvunjwa mapema hawaendi kwenye Baraza bali mahakamani, yaani Mahakama ya Mazingira na Ardhi au mahakama ya hakimu yenye uwezo kulingana na thamani ya shauri. Huko wanaweza kuomba amri ya zuio, na vigezo vyake ni vile vya kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya mwaka 1973: kwamba mwombaji ana kesi yenye uzito, kwamba atapata madhara yasiyoweza kufidiwa ipasavyo kwa fedha, na pale penye shaka, kwamba mizani ya usumbufu inaelemea upande wake. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inamtaka mwenye jengo kutoa notisi isiyopungua siku 30 ya kurekebisha kosa kabla ya kuutwaa upangaji, na kifungu cha 77 kinasema kuwa mpangaji aliyeondolewa kinyume cha mkataba huachiliwa mara moja kutoka wajibu wa kulipa kodi ya sehemu aliyoondolewa.

Kuhusu fidia, mpangaji anaweza kudai kwa kuingiliwa katika jengo lake, kwa mali iliyopotea au kuharibika, na kwa mapato aliyoyakosa. Hata hivyo mamlaka ya Baraza yana mipaka ya Sheria iliyoliunda, kama ilivyosisitizwa katika kesi ya Choitram dhidi ya Mystery Model Hair Salon ya mwaka 1972, kwa hiyo madai makubwa ya fidia ni vyema yapelekwe mahakamani kwa ushauri wa wakili. Hasara inayohesabika, kama vile nyama iliyooza katika friji au dawa zilizoharibika, sharti itajwe kwa kiasi katika hati ya madai na ithibitishwe kikamilifu. Mahakama haitoi fidia ya hasara ya namna hiyo kwa makadirio ya mdomo. Mpangaji pia hutarajiwa kuchukua hatua za busara kuipunguza hasara hiyo, si kukaa akiiacha ikue.

Kwa hiyo kinga bora hutayarishwa kabla ya mgogoro. Kila mfanyabiashara aliyepanga na alipe kodi kwa njia inayoacha kumbukumbu, adai daftari lake la kodi, aweke orodha ya bidhaa mahali nje ya duka, na aijibu kwa maandishi, ndani ya mwezi mmoja, kila notisi anayoipokea. Wenye majengo nao watambue kwamba njia ya notisi na Baraza huonekana ndefu, lakini anayeifuata hupata kodi yake bila kugeuka kuwa mdaiwa wa yule aliyekuwa akimdai.