Kuwinda Rukwa: Safari huanzia ofisini, si porini

Na Mwandishi Wetu, Sumbawanga

KILA kiangazi kinapoingia na nyasi za nyanda za Ufipa zinapokauka, mazungumzo ya uwindaji hurejea miongoni mwa wakazi wa mijini wanaomiliki bunduki kihalali. Wapo wanaoamini kwamba kwa kuwa wana leseni ya silaha, gari imara na ndugu mjini Sumbawanga, wanaweza kufunga safari, kuingia porini peke yao na kurejea na kitoweo.

Dhana hiyo ndiyo huwafikisha wengine mahakamani. Leseni ya kumiliki bunduki si leseni ya kuwinda. Aidha, chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma, hata akikutwa katikati ya shamba la mahindi la mwenyeji wako.

Kwa mtu anayetoka nje ya mkoa, mipango ya safari ya namna hii ina maswali manne: utawinda wapi, wewe ni mgeni wa aina gani, leseni yako inaruhusu nini, na nyama utaitoaje. Anayekosea jibu la swali moja huharibu safari nzima.

Wanyama wako wapi?

Jambo la kwanza ambalo mgeni hulikuta Sumbawanga ni kwamba hakuna pori mlangoni. Mji huo uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na sehemu kubwa ya nyanda zinazouzunguka ni mashamba ya mahindi, maharage na ulezi pamoja na malisho ya ng'ombe. Kwale na kanga huonekana, lakini wanyama wakubwa walikwisha kutoweka katika maeneo mengi ya juu.

Msitu wa Mbizi, ulio jirani na mji, ni hifadhi inayosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Humo wanaishi mbega wekundu, ambao ni kima adimu. Si mahali pa kwenda na bunduki.

Mawindo yako chini, pande mbili za nyanda hizo. Upande wa mashariki, ardhi hushuka kwa takriban mita 1,000 hadi Bonde la Ziwa Rukwa, na mojawapo ya njia za kufika huko ni barabara ya Ntendo hadi Muze. Kandokando ya ziwa hilo liko Pori la Akiba Uwanda. Upande wa Ziwa Tanganyika, katika Wilaya ya Nkasi, liko Pori la Akiba Lwafi.

Kuwapo kwa wanyama katika mapori hayo si ruhusa ya kuwinda. Ndani ya pori la akiba mtu haruhusiwi kuingia, kubeba silaha wala kuwinda bila kibali. Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974, haina uwindaji kabisa. Mgeni anayetumia ramani ya zamani akumbuke pia kwamba Mpanda na Katavi ziliondoka Rukwa mwaka 2012 ulipoundwa Mkoa wa Katavi, hivyo ofisi za kuulizia nazo ni tofauti.

Mgeni wa aina gani?

Sheria haimtazami kwa jicho moja kila anayetoka mbali. Mtalii kutoka nje ya nchi hawezi kukodi gari na kwenda kuwinda kwa hiari yake. Ni lazima apitie kampuni yenye leseni iliyomilikishwa kitalu, aongozwe na mwindaji bingwa, na msafara wake usimamiwe na ofisa wa wanyamapori. Simba, kwa mfano, hupigwa dume tu, tena aliyefikisha umri wa miaka sita.

Raia wa Tanzania anayetoka Dar es Salaam, Mwanza au Arusha huingia katika utaratibu wa uwindaji wa wenyeji. Hahitaji kampuni, lakini anahitaji leseni ya kuwinda, na hiyo hutolewa pale tu ambapo eneo husika limetengewa idadi ya wanyama wa kuwindwa kwa mwaka huo. Idadi hiyo ikiisha, au isipotengwa, hakuna leseni. Katika miaka ya 2010 uwindaji wa wenyeji uliwahi kusitishwa kabla ya kuruhusiwa tena. Kwa sababu hiyo, taarifa ya rafiki aliyewinda miaka mitatu iliyopita haitoshi kupangia safari.

Mahali pa kuulizia ni kwa Ofisa Wanyamapori wa Wilaya na kwenye ofisi za Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA). Mamlaka hiyo iliundwa kisheria mwaka 2014 na ikaanza kazi mwaka 2016. Ni vyema kuuliza kabla ya kukata tiketi, kwani kutoka Dar es Salaam kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga ni zaidi ya kilomita 1,000.

Leseni inafunga nini?

Leseni ya kuwinda humtaja mtu, aina ya mnyama, idadi, eneo na muda. Haihamishwi. Mwenye leseni ya ngiri mmoja akimpiga swala, amewinda bila leseni, hata kama karatasi yake iko mfukoni.

Silaha nayo ina masharti yake chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Mgeni haruhusiwi kuazima bunduki ya mwenyeji, na gobore la kijijini lisilosajiliwa ni kosa kwa aliyelitengeneza na kwa aliyelibeba.

Namna ya kuwinda pia imewekewa mipaka. Ni marufuku kuwinda usiku, kutumia kurunzi au taa za gari, kumpiga mnyama ukiwa ndani ya gari, kutega mitego, kuchimba mashimo au kutumia sumu. Mnyama mchanga na jike mwenye mtoto hawapigwi.

Kwa nini si peke yako?

Wapo wanaoona kuongozana na askari wa wanyamapori ni usumbufu. Sababu yake ni ya kiutendaji. Idadi iliyotengwa haina maana iwapo hakuna wa kuthibitisha ni wanyama wangapi wameanguka. Nyati aliyejeruhiwa na kuachwa humsubiri mchuma kuni au mchunga ng'ombe atakayepita kesho yake. Mwindaji analazimika kumfuatilia mnyama aliyemjeruhi hadi ammalize, na kazi hiyo mtu mmoja asiyeijua nchi haiwezi.

Usalama wa mgeni mwenyewe unadai hivyo hivyo. Ziwa Rukwa lina mamba na viboko, bonde lina malaria, na katika mapori ya mkoa huu kuna mbung'o wanaoambukiza malale. Homa inayomrudia mtu baada ya safari ya porini iambiwe daktari pamoja na habari ya mahali alikokuwa. Mgeni ajitambulishe pia kwa uongozi wa kijiji, kwa sababu mtu asiyejulikana mwenye bunduki hudhaniwa kuwa jangili.

Si mara ya kwanza nchi hii kubana uwindaji. Mwaka 1973 Serikali ilipiga marufuku uwindaji, na uliporuhusiwa tena mwaka 1978 ulikuwa chini ya shirika la umma, TAWICO.

Nyama ndiyo kesi

Hatari kubwa haiko kwenye risasi bali kwenye buti la gari. Nyama, ngozi, pembe na hata kipande kilichokaushwa ni nyara za Serikali. Anayekutwa nazo ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba amezipata kihalali. Akishindwa, anaweza kushitakiwa pia chini ya sheria ya uhujumu uchumi, na kifungo kinaweza kufikia miaka 20 au zaidi.

Hapo ndipo wema wa mwenyeji unapoweza kumponza mgeni. Mkulima aliyevamiwa na nguruwe pori anaweza kumkaribisha mgeni asaidie kuwapiga, kisha akamfungashia paja kama zawadi. Mwaliko huo si leseni, na mnyama aliyeuawa katika kulinda mali hubaki kuwa mali ya Serikali. Anayetaka kitoweo tu ana njia nyepesi: kanuni za mwaka 2020 ziliruhusu bucha za nyamapori zenye leseni. Anunue huko na atunze stakabadhi.

Mpangilio wa safari, basi, ni huu: kuuliza kama kuna idadi iliyotengwa, kupata leseni, kukagua hati za silaha, kupanga na askari wa wanyamapori, kujitambulisha kijijini, na baada ya mawindo kurejesha taarifa ya wanyama waliouawa na kupata hati ya nyama. Ikiwa jibu la ofisini ni kwamba mwaka huu hakuna idadi iliyotengwa, bunduki na ibaki nyumbani.