Kwa Nini Jipu Iliyoinuliwa Inamuponyoka Shofere

Wanafunzi wenzetu, wengi kati yetu wanapenda mekanike, lakini wanapenda zaidi kuangalia mota. Leo tushuke chini, kwenye ponti ya mbele. Kila mwenye Land Cruiser ao Land Rover anayepita barabara mbaya anataka kuiinua: anaongeza lami za resori, ao anaweka resori ndefu, na gari inapanda sentimeta 5, hata 10. Mawe hayagusi tena tumbo la gari. Vizuri. Lakini kisha siku mbili shofere anaanza kusema: «Hii gari inaniponyoka.» Katika mtelemko wa Ngomo, kati ya Bukavu na Kamanyola, mahali barabara iko nyembamba na bonde liko pale pale, neno hilo si la kucheka.

Tuone kwanza namna direksio inavyofanya kazi. Volani inazungusha sanduku ya direksio, ambayo imefungwa kwa shasi. Chini ya sanduku kunaning'inia mkono mfupi. Kwa mkono ule kunatoka fimbo ndefu inayovuka gari na kwenda kushika gurudumu la upande mwingine. Kila mwisho wa fimbo uko na rotuli, yaani kile kichwa cha duara kinachozunguka ndani ya kikombe chake. Kuna fimbo ingine inayounganisha magurudumu mawili. Hiyo inapanda na kushuka yote pamoja na ponti, basi kuinua gari hakuisumbui. Matata iko kwa ile ya kwanza, kwa sababu mwisho wake mmoja uko kwa shasi na mwingine uko kwa ponti.

Sasa tumwite Pythagore, yule yule wa darasani. Tuseme fimbo iko na urefu wa mm 900, na imelala sawasawa. Gurudumu likipanda juu ya jiwe la mm 50, mwisho wa fimbo unachora kipande cha duara, na unavutwa pembeni mm 1,4 tu. Likianguka ndani ya shimo la mm 50, ni mm 1,4 tena, upande ule ule. Shofere hasikii kitu. Sasa tuinue shasi mm 100. Fimbo imekwisha kuinama. Jiwe lile lile linasogeza mwisho wake mm 4,2 upande mmoja, na shimo lile lile linausogeza mm 7 upande mwingine! Kama mkono wa gurudumu uko na urefu wa mm 150, zile mm 7 zinageuza gurudumu karibu digri 2,7, na shofere hajagusa volani. Asiyetusadiki achukue karatasi afanye hesabu mwenyewe.

Kwa gari yenye resori za lami, dawa ni kurudisha fimbo ilale. Ama unaweka mkono wa sanduku unaoshuka chini zaidi, ama unapandisha mwisho wa pili kwa mkono wa gurudumu ulio juu zaidi. Mikono hiyo inunuliwe ikiwa imetengenezwa kwa kazi hiyo. Tumeona mikono iliyopashwa moto, ikapindwa kwa nyundo na kupigwa suduri. Chuma kile kiwandani kilifuliwa na kukazwa kwa moto uliopimwa. Ukikipasha hovyo unakiondolea nguvu, na siku kinapokatika, volani inazunguka bure.

Lakini tuwe na akili: dawa ya gari moja ni sumu kwa ingine. Land Rover Defender za zamani, na Land Cruiser kubwa za kazi za namba 70 zilizotoka tangu 1999, ziko mbele na resori za kuviringa, na ponti yao inashikwa pembeni na bara ya Panhard. Bara hiyo nayo iko na mwisho mmoja kwa shasi na mwingine kwa ponti. Inachora duara lake, inavuta ponti pembeni. Ikiwa inainama sawa na fimbo ya direksio, na urefu wao unakaribiana, ponti na fimbo vinakwenda pamoja, na gurudumu halijui kitu. Basi ukiinua gari kidogo, zote mbili zinainama pamoja na bado zinapatana. Anakuja fundi, anaweka mkono wa kushuka kwa direksio peke yake: fimbo inalala, Panhard inabaki imeinama, mapatano yamevunjika. Gari ilikuwa na ubaya kidogo, sasa iko na ubaya mwingi, na mwenyewe amelipa feza.

Kuna kosa lingine la kila siku. Kisha kuinua, volani haikai tena katikati. Fundi anaitoa, anairudisha ikiwa sawa, anasema kazi imekwisha. Bure! Sanduku yenyewe imebaki imegeuka. Katikati yake ndipo imekazwa vizuri. Ukiitumia nje ya pale, kuna mchezo, na gari inakata kona upande mmoja kuliko mwingine. Inafaa kurefusha ao kufupisha fimbo kwa kuzungusha vichwa vyake.

Tusisahau kuegama kwa mhimili wa gurudumu, ule ambao Kifaransa kinaita chasse (tusiuchanganye na shasi). Angalia uma wa baiskeli: umeegama, ndiyo sababu gurudumu linarudi lenyewe katikati. Defender ya zamani ilitoka kiwandani na digri 3 tu. Ponti yake inashikwa na mikono miwili mirefu inayokwenda nyuma. Ukiinua shasi mm 50 na mkono ukiwa wa mm 850, ponti inazunguka digri 3 na zaidi kidogo. Chasse imekwisha, volani hairudi, gari inatangatanga. Wanatia silenbloki zenye tundu pembeni. Kwa resori za lami wanatia kabari. Wasizidishe, kwani ponti ikizungushwa sana kardani nayo inainama na kutetemeka.

Kupima si kazi ngumu. Weka gari mahali sawa, mota inawaka, volani iachwe bila kushikwa. Wanafunzi wawili waruke juu ya pare-shoki ya mbele, wa tatu aangalie volani. Ikicheza kushoto na kuume kila wanaporuka, fimbo hazipatani. Kisha uzime mota, ulale chini na kamba mbili, moja ufuatishe direksio kati ya katikati ya rotuli zake, ingine Panhard, uone kama zinainama sawa. Mbele ya kutoka chini ya gari, pitisha mkono kwa kila rotuli uhakikishe kama gupiyi imerudishwa ndani ya tundu lake.