Kwa Nini Watafiti Hulipwa Kukaa na Mashine Kuukuu

Watu wengi wakisikia neno makumbusho hufikiri juu ya ngoma za kale, mikuki na vyungu. Lakini yako majumba ya makumbusho ya namna nyingine, ambamo kilichohifadhiwa ni mitambo na vyombo vya sayansi. Miongoni mwa yaliyo makubwa kabisa duniani ni Deutsches Museum, lililojengwa juu ya kisiwa cha mto Isar katika mji wa München, nchini Ujerumani. Lilianzishwa mwaka 1903 na mhandisi Oskar von Miller, na jengo lake la kisiwani likafunguliwa mwaka 1925. Jumba hilo linahifadhi gari la magurudumu matatu la Karl Benz, la mwaka 1886. Linahifadhi pia injini ya Rudolf Diesel ya mwaka 1897, ambayo ni babu wa injini zinazovuta malori yetu hivi leo.

Mgeni hulipa kiingilio, hutazama, husoma kibao cha maelezo, kisha huenda zake. Aghalabu hajiulizi ni nani aliyekiandika kibao kile, wala alijuaje. Kumbe hilo ndilo swali kubwa, na kwa ajili yake jumba hilo hutoa nafasi za ufadhili wa utafiti. Msomi wa taifa lolote aweza kuomba, awe amekwisha kupata shahada ya udaktari au bado anaandika tasnifu yake. Anayekubaliwa hupewa posho ya kujikimu kwa miezi 6 au 12. Hufunguliwa maktaba, hifadhi ya nyaraka na bohari za vifaa ambavyo wageni wa kawaida hawavioni. Kazi yake ni kuvichunguza vitu hivyo, na kuvilinganisha na barua, michoro na madaftari ya wale waliovitumia.

Pengine mtu atauliza kuna faida gani kumlisha msomi mwaka mzima kwa ajili ya mashine isiyofanya kazi tena. Askari aliyewahi kukabidhiwa bohari ya silaha hana haja ya kuelezwa. Anajua kwamba bunduki isiyo na namba wala saini katika daftari ni mashaka matupu, hata ikiwa imesuguliwa ikang'aa. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Chombo cha makumbusho nacho ni vivyo hivyo: kikikosa habari zake za kweli, hubaki chuma na mbao tu. Na habari zake zikiwa pungufu, chombo hicho huweza kumdhulumu mtu.

Hayo yalitokea katika jumba hilo hilo. Kwa miaka mingi palionyeshwa meza moja ya mbao, yenye betri, chupa na vyombo vya kupimia. Kibao chake kilisema kuwa ni meza ya kazi ya Otto Hahn. Vyombo vile ndivyo vilivyotumika mjini Berlin mwezi Desemba 1938, ilipogunduliwa kwamba kiini cha atomu ya urani chaweza kupasuka. Ugunduzi huo ndio uliozaa nguvu za nyuklia, pamoja na bomu la atomu.

Maelezo hayo yalikuwa na kasoro mbili. Kwanza, vyombo hivyo havikukaa juu ya meza moja hata siku moja. Vilitumika katika vyumba mbalimbali, ndipo baadaye vikakusanywa pamoja ili wageni wavione. Pili, kazi haikuwa ya mtu mmoja. Hahn alifanya majaribio hayo pamoja na mkemia Fritz Strassmann. Na utafiti wenyewe ulikuwa umeendeshwa kwa miaka pamoja na mwanafizikia Lise Meitner, mwanamke mzaliwa wa Vienna, aliyeanza kushirikiana na Hahn mwaka 1907. Kwa kuwa alikuwa wa asili ya Kiyahudi, Meitner alilazimika kuukimbia utawala wa Hitler mwezi Julai 1938, akaishia Sweden. Hahn alimwandikia barua kumweleza matokeo yasiyoeleweka. Naye Meitner, pamoja na mpwa wake Otto Robert Frisch, wakatoa maelezo ya kifizikia ya jambo lililotokea.

Hata hivyo Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1944 ilikwenda kwa Hahn peke yake, na meza ikaitwa yake. Watoto wa shule walipita mbele yake, wakasoma jina moja, wakaondoka na jina hilo. Haki ilirudi polepole, kwa jitihada za watu waliopekua barua na nyaraka na kukataa kuridhika na kibao. Mwaka 1991 sanamu ya Meitner iliwekwa katika Ukumbi wa Heshima wa jumba hilo. Siku hizi meza ile huelezwa kwa majina yote matatu.

Basi posho ya mtafiti si sadaka, wala si anasa ya nchi tajiri. Ni gharama ya kuhakikisha kwamba kinachosomwa na umma ni kweli. Meza haikubadilika hata msumari mmoja. Kilichobadilika ni ujuzi wa wanaoihifadhi.

Nasi majumbani tunayo makumbusho yetu madogo: picha ya kikosi ukutani, medali ya babu, cherehani ya bibi. Baba na mama wafanye jambo jema leo, wakiwa bado wanakumbuka. Waandike nyuma ya kila picha mwaka, mahali, na majina ya wote waliosimama, hata yule wa pembeni kabisa. Wajukuu wataamini kile watakachokikuta kimeandikwa.